Mtu wa Ishirini na Sita

Tuanze na kilichoonekana mchana kweupe, maana hadithi hii haikuhitaji giza. Saa nne asubuhi, siku ya Jumatatu, wanafunzi kumi na tisa wa sheria kutoka Njoro walichuchumaa kwenye uwanja wa Jela Kuukuu, watano watano. Safu ya mwisho ilikuwa na watu wanne, nao walikaa wawili huku, wawili kule, na katikati wakaacha pengo la mtu mmoja.

"Sogeeni," akasema mzee Naftaly Kang'ethe. "Safu ya jela haina meno yaliyong'oka."

Wakacheka, wakasogea. Mzee akageuka kuchukua rejista juu ya meza, na aliporudisha macho pengo lilikuwa limerudi pale pale. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyejua kwamba amesogea. Naftaly aliilaumu miguu yao laini ya vyuo vikuu, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Jela Kuukuu ni majengo ya mawe ya kijivu nje ya Nakuru, yaliyojengwa zama za masetla na kufungwa baadaye paa lilipoanza kuvuja kupita kiasi. Naftaly alikuwa askari jela pale tangu ujana wake. Alipostaafu, binti yake Nyakio, wakili aliyechoshwa na korti mapema kuliko mawakili wengi, alihangaika miaka sita mpaka jela ile ikawa makumbusho. Hakuitaka iwe mahali pa watu kujipiga picha na pingu, ingawa walijipiga. Aliitaka iwe mahali ambapo hakimu na askari na mwanasheria wangechuchumaa chini kama mahabusu, waone dunia inavyoonekana kutoka huko. Na kwa kuwa hakuwa na wa kumwajiri anayejua jela kwa ndani, alimwajiri baba yake.

Kila ziara iliishia seli namba nne. Hapo mzee alisimulia habari za Kibii, kijana aliyeshtakiwa kuiba gunia la ngano katika shamba moja la Njoro mwaka wa themanini na nane. Hakuwahi kuhukumiwa. Alikaa mahabusu miaka miwili na miezi minne, akafa kwa kifua kikuu wakati wa mvua ndefu, ilhali hata angepatikana na hatia asingekaa nusu ya muda huo.

"Kwa nini?" wageni walikuwa wakiuliza.

"Faili yake ilipotea," Naftaly alikuwa akijibu.

Jumatatu ile alipotamka maneno hayo mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, chenye maji ndani yake, na kilitoka kwenye pembe ya seli ambayo haikuwa na mtu. Halafu ikafuata sauti ndogo, ya heshima, kama ya mtu aliyezoea kuomba.

"Niko, afande."

Msichana mmoja akaangalia nyuma. "Nani amesema hivyo?"

Kila mtu alimwangalia mwenzake. Wakatoka haraka kidogo kuliko walivyoingia, na Naftaly akatoka nyuma yao, akijiambia kwamba ni upepo. Uongo wa pili huwa mwepesi ukishazoea wa kwanza.

Jumatano walikuja akina mama wa kanisa kutoka Kabazi, wachangamfu, na vitambaa vyao vya kichwa vya rangi moja. Waliacha pengo. Ndani ya seli harufu ya blanketi lililolowa ikawafunika mpaka mmoja akaziba pua, na mzee aliposema kwamba faili ilipotea, mama yule akapiga yowe akishika kisogo. Alisema mtu amempumulia, tena pumzi ya homa. Walitoka mbio, viatu vikabaki vitatu. Jioni ile video ilikuwa imezunguka simu zote za Nakuru, na kufikia Ijumaa hapakuwa na mgeni hata mmoja.

Nyakio alimkuta baba yake ameketi kwenye benchi la langoni, kofia magotini.

"Baba, niambie ukweli," akasema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na wa kuwasikia. "Kuna nini huko ndani?"

"Watu wanajitisha tu."

"Mimi pia nimesikia hicho kikohozi. Jana, nikipanguza ule ubao wa maelezo ya Kibii." Akaketi kando yake. Alikuwa na duara nyeusi chini ya macho. "Baba, ile kamati ya kanuni za korti inakuja Ijumaa ijayo. Mahakimu na wakubwa wa magereza, watu kumi. Nimewangoja miaka sita. Wakikubali ile kanuni yangu, mtu wa rimandi asiyeitwa siku thelathini lazima aletwe mbele ya hakimu yeye mwenyewe, sio karatasi. Umeelewa? Yeye mwenyewe, na miguu yake. Na kitu itawafanya wakubali ni hiyo stori ya Kibii, ukiisema wewe uliyekuwa hapa. Wakitoka hapa wakipiga nduru kama wale wamama, imeisha. Hakuna mtu atasikiza wakili wa jela ya mashetani."

"Nimekusikia."

"Usiniangushe, Baba. Tafadhali."

Naftaly alitikisa kichwa kukubali. Hakuweza kumtazama. Nyakio ndiye mtu pekee duniani aliyemwona kuwa mtu mwema bila masharti, na hilo lilikuwa limemchosha kwa miaka mingi kuliko alivyojua.

Alasiri ile aliingia kufunga milango ya seli peke yake. Jua lilikuwa bado kali, lilipita kwenye nondo na kuchora mistari sakafuni, na kuku wa jirani walikuwa wakichakura nje ya ukuta bila wasiwasi. Alifunga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipoukaribia mlango wa nne harufu ilimpokea, kwanza ya blanketi bichi, kisha ya uji uliochacha, kisha harufu tamu ya kifua kinachooza ambayo alikuwa hajainusa tangu mwaka wa tisini na ambayo aliijua mara moja kama mtu anavyoijua sauti ya mamaye, na akataka kurudi nyuma lakini miguu haikutaka, kwa sababu kule pembeni, pale jua lisipofika, kivuli kilikuwa kimechuchumaa, magoti yamebana kifua, mikono juu ya kichwa kama wanavyokaa wanaongoja kuhesabiwa, na hakikuwa na uso, ila palipokuwa pa uso palimwelekea yeye, palimwelekea kwa subira, bila hasira, na hiyo subira ndiyo iliyomvunja, maana angejua la kufanya na hasira lakini hakujua la kufanya na mtu anayengoja, na sauti ikamwuliza swali lile lile ambalo alikuwa ameulizwa kila asubuhi kwa miaka miwili na miezi minne.

"Afande, jina langu leo liko?"

Alijikuta nje, ameshika lango kwa mikono miwili, suruali imelowa. Mzee wa kanisa, miaka sitini na minne, akilia mchana kama mtoto.

Nyakio ndiye aliyemleta Bi Kuluthum, Jumatano iliyofuata, siku mbili kabla ya kamati. Bi Kuluthum alizaliwa Bondeni, mtaa wa Nakuru, katika ukoo uliokuja bara kutoka pwani wakati wa reli, na alikuwa akitibu watu wa kanisani wengi kuliko wa msikitini, ila hao wa kanisani walipita mlango wa nyuma. Alikuja baada ya sala ya adhuhuri na chetezo, ubani kwenye karatasi ya gazeti, na msahafu kwenye mfuko wa kitambaa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, na alilalamikia ngazi, lango na jua kabla hajasalimia mtu.

Aliingia seli namba nne peke yake. Nje walisikia akisoma, sauti yake ikipanda na kushuka, na moshi wa ubani ukatoka chini ya mlango. Halafu akanyamaza. Kisha wakasikia akizungumza polepole na mtu, akiuliza na kungoja, akiuliza tena na kungoja. Baada ya nusu saa akatoka, chetezo kimezimika mkononi.

"Mama, niletee maji ya kunywa," akamwambia Nyakio. Nyakio alipokwenda, mganga akajitupa kwenye benchi kando ya Naftaly.

"Umemtoa?" akauliza mzee.

"Simtoi."

"Kwa nini? Si hiyo ndiyo kazi yako?"

"Kazi yangu ni kufukuza aliyeingia bila kuitwa, mzee. Huyu hajaingia popote. Huyu yuko hapa tangu zamani." Akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Kila mwanadamu ana karini wake, jini anayezaliwa naye, anatembea naye, anasikia anayoyasikia. Mtu akifa, karini wake huenda zake. Huyu hakwenda. Anasema mwenzake aliambiwa angoje aitwe, na yeye bado anangoja kwa niaba yake. Alikuwa ametulia kimya miaka yote. Sasa kila siku anasikia jina linatajwa, halafu linaambatanishwa na uongo. Hapo ndipo anaposimama."

Naftaly aliutazama mlango wa nne.

"Nimemwuliza ni uongo gani," akaendelea Bi Kuluthum kwa upole. "Amesema nikuulize wewe."

Kuku walichakura. Mzee alizungusha kofia mikononi mara mbili, tatu. Kisha, kwa kuwa mwanamke yule hakuwa binti yake wala mchungaji wake, na kwa kuwa alikuwa amechoka, alimwambia.

Siku hizo mahabusu waliokuwa na kesi walichuchumaa alfajiri watano watano, na mkuu wa lango alihesabu safu, sio vichwa. Safu kamili ndiyo iliyotoka. Asubuhi moja orodha ya korti ilikuwa na watu ishirini na sita. Safu tano kamili, na Kibii peke yake nyuma. Mkuu wa lango alifoka kwamba hesabu haijakaa sawa, ianze upya, na kuanza upya kulikuwa saa nzima, na Naftaly alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho yanawaka, lori linanguruma. Kwa hiyo akalipiga mstari jina la ishirini na sita, na mbele yake akaandika neno moja, *Hayuko*. Kibii akarudishwa ndani. Aliambiwa angoje kesho.

Korti ikasoma kwamba mshtakiwa hayuko. Ikadhani ametoroka. Faili yake ikawekwa kwenye kabati la watoro, na huko hakuna aliyefungua tena. Naftaly aliligundua hilo wiki ya tatu. Kurekebisha kulihitaji akiri kwamba aliandika uongo kwenye rejista ya serikali, na alikuwa kijana, ameoa karibuni. Akasema atasubiri wiki moja. Baada ya mwezi ikawa vigumu zaidi, na baada ya mwaka haikuwezekana kabisa. Kila asubuhi kijana alimwuliza kama jina lake liko, na kila asubuhi alimjibu, "Ngoja."

"Faili haikupotea," akasema Naftaly. "Nilijua kabati lake. Nilijua hata rafu."

Bi Kuluthum aliweka chetezo chini. "Basi mwite," akasema. "Mbele ya watu, kwa jina lake, na useme kwa nini hukumwita. Mimi hapo sina dawa."

"Mbele ya mtoto wangu?"

"Mbele ya yule unayeumia kumwambia. Nani mwingine?"

"Hiyo kamati ikisikia, kazi yake yote imeanguka. Miaka sita. Watasema jela ya mwongo."

"Labda," akasema mganga, akainuka kwa kuguna. Hakuchukua ujira wowote. Nyakio alirudi na maji akamkuta anatembea tayari kuelekea lango.

Ijumaa walikuja watu kumi katika magari matatu. Naftaly hakuwa amelala siku mbili. Kikohozi kilikuwa kimemfuata nyumbani, kikakaa kando yake mezani alipokunywa chai, kikasimama nyuma yake alipokamua ng'ombe. Alikuwa ameamua kutosema. Kisha alikuwa ameamua kusema. Kisha alikuwa ameacha kuamua, kama mtu anayeacha kupalilia shamba lililoshinda nguvu zake.

Wageni walichuchumaa uwanjani, wazito, wakicheka kwa aibu, suti zimebana magoti. Watu kumi ni safu mbili kamili. Wakakaa safu tatu. Ya mwisho ilikuwa na mtu mmoja, hakimu mwanamke aliyevaa hijabu ya kijivu, Mheshimiwa Umaima, na kando yake kulikuwa na pengo ambalo wote, bila kujua, walikuwa wamegeuza mabega kulipisha.

Nyakio aliliona. Akamtazama baba yake kwa macho ya kuomba.

"Hadithi ya seli namba nne," Naftaly akaanza, "ni ya kijana Kibii." Alisimulia shamba, gunia, mvua. Akafika pale. "Faili yake..."

Kikohozi kikaanza, na safari hii kila mtu alisikia. Kilitoka kwenye pengo, kikawa kinapanda, kikikwaruza, na harufu ya blanketi bichi ikaenea juani, mkubwa mmoja wa magereza akajaribu kusimama akashindwa, midomo yake ikitikisika kwa maombi, na Nyakio akasema, "Baba, maliza, tafadhali maliza," kwa sauti ya mtu anayeona nyumba yake inashika moto, na mzee akaona ardhi katika pengo ikibonyea taratibu, nyayo mbili sambamba, vidole vyote kumi.

"Faili yake haikupotea," akasema Naftaly.

Kikohozi kikakatika.

Akasema yote. Safu, lango, lori, mstari, neno lile moja, kabati. Alisema amelala nalo miaka thelathini na zaidi na kuamka nalo. Alisema binti yake hakujua, na kwamba Kibii, aliyeandikwa kwenye ubao ule, alikuwa amedanganywa na yeye. Hakulia. Alipomaliza akafungua rejista, akasimama wima kama alivyofundishwa ujanani, na akaita kwa sauti ya uwanjani, sauti ambayo Nyakio hakuwahi kuisikia.

"Kibii! Na blanketi!"

Kwa vile wageni hawakuelewa, akawaambia taratibu kwamba mahabusu wa korti waliacha blanketi seli. Aliyeitwa na blanketi lake alikuwa anakwenda nyumbani.

Nyayo mbili zikainuka kutoka kwenye vumbi. Kitu kikapita kati ya safu bila haraka, na kila aliyepitwa alisikia baridi ya maji kwenye bega. Lango kubwa, ambalo hufunguliwa na watu wawili, likafunguka kiasi cha mtu mwembamba kupita. Kisha pakawa kimya, na harufu ikawa ya majani na ya mavi ya kuku tu.

Naftaly alimgeukia binti yake. Alingoja.

Nyakio alikuwa amesimama na mikono imening'inia. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mgeni langoni.

"Ubao utaandikwa upya," akasema. "Utauandika wewe, na jina lako juu. Umenisikia, mzee?"

Hakuwahi kumwita mzee. Ni neno la heshima kwa mtu usiyemjua. Naftaly alikubali kwa kichwa, akaketi chini palepale kwenye vumbi, na ndani ya maumivu yale, Mungu amsamehe, alihisi usingizi mtamu unamjia kwa mara ya kwanza tangu ujana wake.

Wengine walianza kuinuka, wakipanguza magoti. Mheshimiwa Umaima hakuinuka. Alikuwa ameshika sikio lake la kushoto, upande uliokuwa na pengo.

"Samahani," akasema kwa sauti ndogo. "Kabla hajatoka, amenisemesha. Amenitajia jina. Cheptoo ni nani?"

Watu wakatazamana. Nyakio akasema hapakuwa na Cheptoo yeyote pale.

"Najua hayupo hapa," akasema hakimu. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kuna Cheptoo mmoja kortini kwangu. Mahabusu, kesi ya kuiba mkufu wa mwajiri wake. Nimeiahirisha... sijui. Mara kumi na moja. Mara ya mwisho niliambiwa hakuletwa." Akatoa simu kwenye mkoba, akapiga, akaweka spika wote wasikie. Akiwa bado amechuchumaa, alimwambia askari wa gereza la wanawake aliyepokea kwamba asiangalie kitabu chochote. Atembee, afungue milango, aite kwa mdomo.

Wote wakasikiza. Walisikia viatu vikitembea kwenye sakafu ya saruji, funguo, mlango, mlango mwingine, na sauti ya mwanamke ikiita jina lile tena na tena, ikienda mbali zaidi ndani. Halafu viatu vikasimama. Kitu kikasemwa, wakakisikia vibaya. Simu ikasogezwa karibu.

"Ni mimi Cheptoo," ikasema sauti iliyochoka mno. "Kwani leo ni tarehe ngapi?"